Steni na Vanishi kwa Mbao za Ndani ya Nyumba

Umaliziaji wa mbao za ndani ya nyumba, yaani milango na fremu zake, ngazi, dari za mbao na makabati ya jikoni, una kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa na kufanywa moja. Kazi ya kwanza ni kuupa ubao rangi kwa steni, ambayo ni kimiminika chepesi kinachopenya katika nyuzi za ubao au kujikusanya katika vinyweleo vyake bila kuufunika mchoro wake wa asili, kama rangi ya kawaida ya mafuta inavyoufunika. Kazi ya pili ni kuukinga ubao huo dhidi ya maji, jasho la mikono, masizi na mikwaruzo kwa tabaka angavu, liwe la vanishi, lakeri, shelaki au mafuta yanayokauka. Steni haikingi kitu, na vanishi haisahihishi rangi iliyokosewa. Aliyeielewa tofauti hiyo hashangai akiona makopo yauzwayo kama vanishi yenye rangi, ambayo huahidi kazi zote mbili kwa mpako mmoja, yakiacha michirizi mizito mahali brashi ilipopita mara mbili na weupe mahali ilipopita mara moja. Bidhaa hizo zina mahali pake, kama itakavyoonekana katika habari za msonobari, lakini hapo si pa kuanzia.

Ubao wenyewe ndio unaoamua nini kifanyike, kwa hiyo ni vyema ujulikane kabla ya kopo lolote kufunguliwa. Mninga, ambao wataalamu wa misitu huuita Pterocarpus angolensis, una moyo wa kahawia wenye michirizi ya wekundu na weusi, na kuupaka steni nyekundu ni kutia chumvi kwenye ng'onda. Kinachoweza kuhitaji steni katika mninga ni ule ukingo wa rangi ya majivu au manjano hafifu ulio karibu na gome, ambao haujageuka kuwa moyo, na hata huo ni afadhali uwekwe upande usioonekana wakati wa kuunganisha mlango kuliko kuhangaika nao baadaye. Mvule, yaani Milicia excelsa, hutoka kwenye randa ukiwa na umanjano, kisha mwanga huugeuza polepole kuwa wa kahawia; anayelinganisha steni na mvule uliorandwa jana atajikuta baada ya miezi michache ana mlango mweusi kuliko alivyokusudia. Mtiki, unaojulikana pia kwa jina la msaji, una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi kushika, na mvule nao una kemikali zinazoweza kuchelewesha ukaukaji wa vanishi za mafuta. Kwa aina hizo mbili inafaa uso wa ubao ufutwe kwa kitambaa safi kilicholowa thina, na tabaka la kwanza lipakwe mara tu thina hiyo inapokauka, kabla mafuta mengine hayajapanda juu kutoka ndani.

Zaidi ya aina yake, ubao una hali yake ya unyevu. Ubao mbichi ukipakwa vanishi huendelea kutoa maji na kusinyaa, viungo hufunguka, na kando ya paneli huonekana mstari mweupe wa mbao ambao haukuwahi kuguswa na steni. Kwa mbao za ndani ya nyumba unyevu wa takriban asilimia 10 hadi 14 hukubalika katika mazingira mengi ya Afrika Mashariki, na kipimo kidogo cha mkononi chenye pini mbili kinatosha kuupima. Mwenye kujenga katika ukavu wa Dodoma kwa mbao zilizokaa ghalani Tanga hana budi kuziacha zikae ndani ya nyumba ile ile kwa wiki kadhaa, zikiwa zimepangwa kwa vipande vya kutenganisha ili hewa ipite kati yake. Paneli za mlango ni bora zipakwe steni kabla ya kuingizwa katika fremu, kwa sababu hapo hata zikisinyaa hakuna weupe utakaojitokeza.

Msasa ndio unaobeba sehemu kubwa ya matokeo, ingawa mteja haulipii kwa moyo mkunjufu. Randa, hasa ya mashine, huacha mawimbi madogo na nyuzi zilizobanwa, na steni huvifichua vyote viwili bila huruma. Kwa mbao nzima, utaratibu wa kawaida ni kuanza na msasa namba 80 mahali penye alama za randa, kwenda namba 120, na kumalizia kwa namba 150 au 180, huku kila namba ikifuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Msasa wa mkono sharti ufuate nyuzi za ubao, kwa maana mkwaruzo uliokingama nyuzi hujaa rangi na kuonekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Kuendelea hadi namba 320 kabla ya steni, kama wafanyavyo wenye bidii kupita kiasi, hakuna faida, kwani uso uliolainishwa mno hauipi steni mahali pa kushika na rangi hutoka hafifu. Penye ncha za ubao, ambapo nyuzi zimekatwa kama mirija inayotazama nje, hali ni kinyume: mirija hiyo hunywa steni kwa pupa na kuwa myeusi, kwa hiyo hapo ni vizuri kusugua hadi namba 220 au 240 ili midomo yake ifungwe kidogo. Milango ya plaiwudi na ile iliyobandikwa vinia, yaani gamba jembamba la mbao za thamani lisilofika milimita moja, haivumilii msasa mkali hata kidogo, na kwa hiyo huanzwa na kumalizwa kwa namba 180, kwa mkono.

Baada ya msasa hufuata ukaguzi. Taa ikishikwa ubavuni mwa ubao ili mwanga wake ulale juu ya uso, kila wimbi na kila mkwaruzo hujitokeza. Ubao ukifutwa kwa kitambaa chenye tapentaini, madoa ya gundi iliyomwagika wakati wa kuunganisha huonekana kama mabaka yasiyolowa, na mabaka hayo yasipokwanguliwa sasa yataikataa steni na kubaki meupe daima. Kama steni itakayotumika ni ya maji, kuna hatua moja zaidi: ubao hulowanishwa kwa kitambaa chenye maji safi, huachwa ukauke, na vijinyuzi vilivyosimama hukatwa kwa msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, ili visije kusimama baadaye chini ya rangi. Kuhusu vumbi, haifai kulichukulia kama uchafu tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule hasa hujulikana kwa kuwasha ngozi, macho na pua. Barakoa inayobana vizuri usoni ni sehemu ya vifaa, kama msasa wenyewe.

Suala la kuziba matundu ya misumari linastahili neno moja, kwa sababu limeharibu milango mingi. Unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, ambao ndio njia ya karakana nyingi, huonekana kulingana na ubao ukiwa mkavu na mtupu, lakini steni ikipakwa, gundi huizuia na tundu hugeuka nukta inayoitazama sebule nzima. Njia yenye uhakika ni kupaka steni kwanza, kisha tabaka moja la kinga, na ndipo kuziba kwa nta au pati laini iliyotiwa rangi hadi ilingane na ubao uliokwisha kubadilika.

Steni zenyewe ni za jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ina chembechembe za rangi, ambazo ni unga laini usioyeyuka ulioelea katika mafuta au maji. Unga huo hukaa katika vinyweleo na mikwaruzo, hukolea katika mbao zenye vinyweleo vikubwa, na hustahimili mwanga wa dirishani kwa muda mrefu. Kwa kuwa unga hutuama, kopo hukorogwa kwa kijiti kilichobapa kinachokwangua chini kabisa, tena hukorogwa mara kwa mara wakati wa kazi, la sivyo mlango wa kwanza hutoka hafifu na wa mwisho hutoka mzito. Jamaa ya pili ni ya rangi zilizoyeyuka kabisa katika spiriti, thina au maji, ambazo hupenya ndani ya nyuzi zenyewe na kuupa ubao ung'avu na kina kisichopatikana kwa unga, lakini hufifia upesi zaidi zikipigwa na jua. Za spiriti hukauka kwa dakika chache tu, na upesi huo ndio mtego wake, maana mpako wa pili ukigusa ukingo wa wa kwanza uliokwisha kukauka huacha mstari wa giza. Mlango mpana unaopakwa kwa brashi na steni ya spiriti ni kazi ya kumtoa fundi jasho. Bunduki ya kupulizia, au steni ya mafuta inayokauka polepole, huokoa muda na heshima.

Upakaji wa steni ya mafuta ni rahisi ukifuatwa kwa mpangilio. Steni hupakwa kwa wingi kwa kitambaa au brashi, huachwa dakika chache kulingana na weusi unaotakiwa, kisha yote iliyobaki juu hufutwa kwa kitambaa kikavu, na mfuto wa mwisho hufuata nyuzi. Kinachobaki juu bila kufutwa hakina pa kushikia, hivyo kitabanduka pamoja na vanishi. Mlango wenye paneli hupakwa paneli kwanza, kisha mbao za kukingama, na mwisho mbao ndefu za wima, kipande kimoja baada ya kingine, ili pale mbao mbili zinapokutana mpaka uwe kwenye kiungo chenyewe. Kabla ya hayo yote hufanywa jaribio juu ya kipande kilichokatwa kutoka ubao ule ule, kilichopigwa msasa kwa namba zile zile, na kupakwa hatua zote hadi tabaka la mwisho la kinga, kwa kuwa steni iliyokauka bila vanishi huonekana imepauka na humdanganya mtazamaji. Kipande hicho ndicho mwenye nyumba anachopaswa kukikubali kwa macho yake, akikitazama katika chumba husika na kwa mwanga wa chumba hicho, kwa kuwa rangi iliyopendwa juani nje ya karakana hubadilika kabisa chini ya taa ya ukumbini.

Msonobari, ambao madukani huitwa paina, unadai maelezo marefu kuliko miti mingine, kwa kuwa ndio ubao ambao wengi wanaumudu, na ndio unaopakwa steni zaidi kwa matumaini kwamba utafanana na mninga. Sehemu kubwa ya paina inayouzwa Tanzania hutoka katika mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, likiwamo shamba la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi. Katika kila pete ya ukuaji wake kuna sehemu mbili: moja laini na nyeupe inayokua kwa kasi, na nyingine nyembamba, ngumu na yenye wekundu. Steni huzama katika ile laini na kukataliwa na ile ngumu, na matokeo yake ni mchoro uliogeuzwa kama negativu ya picha, palipokuwa peupe pakawa peusi na palipokuwa peusi pakabaki peupe. Pamoja na hayo, utomvu na nyuzi zilizopinda huleta mabaka yasiyo na mpangilio, na mafundo, kwa kuwa ni magumu na yamejaa utomvu, hayaipokei steni sawasawa na mbao zinazoyazunguka.

Dawa ya kwanza ni kuuzuia ubao usinywe kupita kiasi. Sila, yaani kizibo cha vinyweleo ambacho mafundi hukiita sendingi sila, huchanganywa na thina, sehemu 1 ya sila kwa sehemu 2 au 3 za thina, hupakwa tabaka moja jembamba, na ikikauka hupitishiwa msasa namba 240 kwa wepesi. Ubao unaotokea unapokea steni kidogo lakini kwa usawa. Uwiano halisi hutafutwa kwa majaribio, maana sila ikizidi steni haiingii kabisa, na ikipungua mabaka hurudi. Njia hii inakwenda na steni ya mafuta. Steni iliyoyeyushwa kwa thina itaiyeyusha sila hiyo na kuifuta kazi yote. Dawa ya pili ni steni nzito yenye umbo la jeli, ambayo kwa uzito wake hukaa karibu na uso badala ya kuzama. Dawa ya tatu, ambayo kwa paina ndiyo bora kuliko zote pale penye kompresa na bunduki ya kupulizia, ni kuupa ubao rangi hafifu tu, kisha kuutimiza weusi unaotakiwa kwa kutia rangi kidogo ndani ya lakeri na kuipuliza kwa tabaka nyembamba nyembamba. Hapo rangi haitegemei tena matakwa ya ubao, na vanishi yenye rangi iliyokosolewa mwanzoni hupata kazi yake halali. Hata hivyo, paina haigeuki mninga. Iliyopakwa rangi ya asali, ikiachiwa mafundo yake yaonekane, hupendeza zaidi kuliko ile iliyolazimishwa kuwa nyekundu.

Kwa upande wa tabaka za kinga, tofauti ya msingi iko katika namna zinavyokauka. Shelaki, ambayo ni utomvu wa mdudu anayefugwa hasa India na Thailand, ulioyeyushwa katika spiriti, na lakeri ya selulosi, ambayo mafundi wengi huiita klia, hukauka kwa kimiminika chake kuruka hewani tu, na kwa hiyo kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la chini na kuungana nalo. Vanishi ya mafuta, ikiwamo ile iliyoongezewa poliuretani, hukauka kwa kuvuta oksijeni na kugeuka kitu kipya kisichoyeyuka tena, na ndiyo maana kila tabaka lake lililokauka lazima likwaruzwe kwa msasa namba 240 hadi 320 ili lifuatalo lipate pa kushika. Shelaki ina wekundu mtamu na huzuia vyema utomvu wa mafundo ya msonobari, ila glasi ya pombe au sufuria ya moto huiacha na doa. Lakeri hufaa milango na makabati ya kawaida kwa kuwa inarudiwa ndani ya saa moja au mbili na kurekebishika kwa urahisi. Ngazi, sakafu na meza ya jikoni zinahitaji poliuretani: ile ya mafuta huongeza umanjano unaozidi kadiri miaka inavyopita, na ile ya maji hubaki bila rangi na hukauka kwa saa chache, ingawa kati ya tabaka zake haifai kutumia sufi ya chuma, kwa maana chembe zinazobaki hushika kutu na kuacha nukta za kahawia. Poliuretani ya kuchanganya vimiminika viwili ni ngumu kuliko zote, lakini kigumushi chake kina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo zinaweza kumletea mpulizaji pumu ya kudumu. Bila kifaa cha kupumulia kinachostahili na chumba chenye hewa inayotoka, ni bora iachwe kwa karakana zenye vifaa hivyo.

Steni ikikauka kikamilifu, na kwa ya mafuta hiyo ni siku nzima au mbili katika hewa ya pwani, tabaka la kwanza hupakwa likiwa limepunguzwa uzito. Vanishi haitikiswi koponi, kwa sababu mtikiso huingiza mapovu, hukorogwa taratibu. Brashi huchovywa theluthi moja ya unyoya wake, hulazwa katikati ya ubao na kuvutwa kuelekea kingo, kisha hupitishwa mara moja ikiwa karibu kavu kutoka mwisho hadi mwisho, na kuachwa hapo. Anayerudi kurekebisha baada ya dakika 5 huacha alama ambazo vanishi ingezifuta yenyewe kama angeiachia nafasi ya kutulia. Tabaka 3 nyembamba huishinda moja nene kwa kila hali. Kwa anayetaka mng'ao hafifu, inafaa tabaka za chini ziwe za vanishi ya kung'aa na la mwisho pekee liwe la kufifiza, kwa kuwa unga unaofifiza mng'ao ukirundikwa katika tabaka zote huufanya mchoro wa ubao uonekane kama nyuma ya kioo chenye ukungu.

Hali ya hewa huingilia kazi hii kuliko wanavyotarajia wengi. Wakati wa masika mjini Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, lakeri inayopakwa asubuhi yenye mvua hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu thina inaporuka huupoza uso na unyevu wa hewani huganda ndani ya tabaka. Kusubiri saa za mchana zenye ukavu zaidi ndiyo tiba ya bure. Thina inayoruka polepole ndiyo tiba ya kununua, na mara nyingi ukungu uliokwisha kutokea huondoka ukipuliziwa thina hiyo kwa wepesi. Kosa jingine linalofanana nalo kwa sura ni kujikunja kwa tabaka kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, ambalo hutokea lakeri inapowahishwa juu ya steni au vanishi ya mafuta ambayo haijakomaa. Hilo halina tiba isipokuwa kubandua na kuanza upya.

Hatari ya moto haiko kwenye thina pekee, ambayo kila mtu anajua isipulizwe karibu na jiko la mkaa au swichi inayotoa cheche. Vitambaa vilivyofutia steni ya mafuta au mafuta ya kitani hupata joto vyenyewe wakati mafuta yakivuta oksijeni, na vikifinyangwa pamoja ndani ya ndoo joto hilo halina pa kutokea hadi vinapowaka bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, katika jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, vitambaa vya namna hiyo vilivyoachwa ghorofa ya 22 na waliokuwa wakikarabati mbao za ukutani vilianzisha moto ulioteketeza ghorofa nane na kuua wazimamoto 3. Kwa hiyo vitambaa hutandazwa kimoja kimoja nje, juu ya uzio au sakafu ya saruji, hadi vikakamae, au hulowekwa katika maji ndani ya debe la chuma lenye kifuniko.

Mlango uliopakwa vanishi ya mafuta huweza kushikwa kesho yake, lakini ugumu wake kamili huja baada ya wiki 3 au 4. Katika muda huo haufai kufutwa kwa sabuni, wala kubanwa kwenye fremu iliyopakwa siku ile ile, kwani tabaka mbili changa zikigandamana usiku kucha hutenganishwa asubuhi kwa kuchanika. Kipande cha karatasi yenye nta kikiwekwa kati yake, au mlango ukiachwa wazi kidogo kwa kabari, tatizo hilo halitokei.